Barabara inagonga ukuta wa ghala, lakini mimi ndiye ninayezuiwa kujenga: halmashauri zinahuisha mipango lini?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na naandika nikiwa nimechafukwa, kwa hiyo mtanivumilia.

Niliomba kibali cha ujenzi kwenye kiwanja changu cha mita 20 kwa 30. Jibu likaja mstari mmoja tu: kiwanja kimepitiwa na hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara. Barabara ipi? Mbele yangu kuna nyumba, nyuma yangu kuna nyumba, kulia kuna ghala limezungushiwa ukuta. Pale hata mkokoteni haupiti.

Nikaanza kufuatilia. Safari ya kwanza mhusika yuko semina. Ya pili faili liko kwa mkuu wa idara. Ya tatu mchoro uko kwa mshauri elekezi, yule mtaalamu wa nje anayekodiwa kuchora mpango. Ya nne nikaonyeshwa, tena kama mtu anayeonyeshwa siri, nakala ya nakala ya mchoro ambao mistari yake imefifia hadi unaomba taa. Kweli barabara ipo. Upana mita 30, inatokea mashariki, inapita juu ya majirani zangu, juu yangu, kisha inaingia lilipo ghala. Nikauliza, sasa ghala limejengwaje? Afisa akanijibu bila kupepesa macho: "Wale walibadilishiwa matumizi."

Yaani kiwanja chao kilipangiwa kazi nyingine kwenye mpango. Someni tena hapo. Kwenye kiwanja cha ghala barabara imefutwa. Kwenye changu haijafutwa. Maana yake halmashauri ina barabara ya mita 30 inayokwenda moja kwa moja mpaka inagonga ukuta, na haina pa kutokea. Majirani zangu wawili waliojenga bila kumuuliza mtu wanalala ndani ya nyumba zao. Mimi niliyefuata utaratibu ndiye niliyekwama.

Kabla hamjasema ni rushwa na kufunga mjadala: inawezekana, sijui, sina ushahidi na simtaji mtu. Ila nimeanza kuamini kwamba tatizo ni kubwa kuliko bahasha. Hata wangekuwa malaika watupu pale ofisini, kwa jinsi mipango hii inavyotengenezwa na inavyoachwa kuoza, barabara yangu ingebaki palepale.

Mipango miji ina kanuni ya zamani ambayo Patrick Geddes, yule Mskoti, aliihubiri zaidi ya miaka 100 iliyopita: utafiti kwanza, uchambuzi ufuate, mpango uje mwisho. Nenda kaangalie ardhi ilivyo. Hesabu watu, fuata mkondo wa maji, ona watu wanapita wapi kwenda kazini, ndipo uchore. Kwetu sisi kinachotangulia ni kazi ya mshauri elekezi na tarehe ya kukabidhi ripoti. Ramani ya msingi inachukuliwa iliyopo kabatini. Mchoraji hajakanyaga eneo, kwa hiyo anachora shule juu ya bwawa na barabara juu ya nyumba zilizoezekwa zamani. Mpango unazaliwa ukiwa tayari umezeeka.

Halafu unakaa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Mpango wa matumizi ya ardhi ni makadirio tu ya mji utakavyokuwa baada ya miaka kadhaa, na makadirio yasipokaguliwa yanageuka uongo wenye mhuri. Angalieni mifano iliyo wazi. Dar es Salaam ilipata mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji mzima, mwaka 1949, ukafuata wa 1968, ukaja wa 1979 ulioangalia miaka 20 mbele. Sensa ya 1978 ilihesabu takribani watu 843,000 katika mkoa ule. Sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya milioni 4.3, na kwa miaka yote hiyo hakuna mpango kabambe mwingine uliokuwa umechukua nafasi ya ule wa 1979. Nairobi nayo ilikuwa na mpango wa 1948, ukaja mkakati wa ukuaji wa jiji wa 1973, kisha kimya mpaka ule wa 2014. Miaka 41! Mtoto aliyezaliwa siku mkakati unazinduliwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla mpango mwingine haujatoka. Katikati hapo watu hawakusubiri. Walijenga, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulala ndani ya rasimu.

Na msiniambie sheria haipo. Kenya sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10 unaopitiwa kila baada ya miaka 5. Afrika Kusini sheria ya 2013 inailazimu manispaa kupitia utaratibu wake wa matumizi ya ardhi angalau kila miaka 5. Uingereza, kwa upande wa England, halmashauri inatakiwa kuupitia mpango wake angalau kila miaka 5 tangu ulipopitishwa. Tatizo ni kwamba karibu kila mahali sheria inasema "itapitia" bila kusema nani ataumia isipopitia.

Hapo England pana funzo. Hata huko halmashauri nyingi zinachelewa, tena sana. Lakini angalau kuchelewa kunaiuma halmashauri yenyewe: mpango ukihesabika umepitwa na wakati, sera ya taifa inaelemea upande wa kutoa kibali, hivyo mjenzi mkubwa anapata nguvu ya kujenga hata pale ambapo madiwani hawataki. Wananchi nao wanawageukia madiwani wao. Sisemi ni dawa nzuri, maana mwisho wa siku anayefaidi uzembe ni yuleyule mwenye matrekta. Nasema tu kuna mtu ofisini anakosa usingizi. Huku kwangu mpango ukioza, anayekosa usingizi ni mwenye kiwanja.

Tuje kwenye lile neno tamu, "ushirikishwaji". Tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi, chini ya tangazo la mnada wa pikipiki chakavu. Unapewa siku za kuleta pingamizi. Ukifika, unakuta ramani ukutani. Haya tufanye hesabu pamoja. Kwenye mchoro wa kina wa kipimo cha 1:2,500, kiwanja changu kina milimita 8 kwa 12, ukubwa wa ukucha. Hapo naweza kujitafuta nikajiona. Lakini kwenye ramani ya mji mzima ya 1:50,000, kiwanja hichohicho ni milimita 0.4 kwa 0.6. Hiyo ni nukta ya kalamu! Mstari wenyewe wa barabara ni mnene kuliko kiwanja. Sasa mwananchi anapingaje kitu ambacho wino umekifunika? Ndiyo maana watu hawaji kwenye maonyesho ya rasimu, wanakuja siku ya tingatinga. Kisha mtu anasimama na kipaza sauti kusema wananchi hawana mwamko.

Na ukileta pingamizi, linakwenda wapi? Ireland rasimu inapowekwa hadharani, inakaa wiki zisizopungua 10, na mtendaji mkuu wa halmashauri anaandika ripoti ya maoni yaliyoletwa pamoja na majibu yake, kisha inapelekwa kwa madiwani. Unaweza kukataliwa, sawa, lakini unakataliwa kwa sababu iliyoandikwa. Mimi barua yangu ilipigwa mhuri wa "imepokelewa" na huo ndio ulikuwa mwisho wa maisha yake.

Sasa lile la kubadili matumizi, maana wengi hamlioni hatari yake. Mpango mkuu hauhuishwi, lakini kila kikao cha kamati kinapitisha maombi: hiki kiwanja cha makazi kiwe biashara, hili eneo la wazi liwe kituo cha mafuta, hii nyumba moja iwe ghorofa. Kila ombi peke yake ni dogo na lina maelezo mazuri. Hakuna anayejumlisha. Chukueni mtaa wa viwanja 200, uliopangwa familia moja kila kiwanja. Viwanja 50 vikigeuzwa ghorofa za familia nane nane, tayari una familia 550. Bomba la majitaka ni lilelile la familia 200. Shule ni ileile. Mtaro ni uleule, isipokuwa sasa ardhi iliyokuwa inanyonya mvua imesakafiwa. Mwaka wa mafuriko tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Hayo yapo, sikatai, lakini mtaro haukuhesabiwa upya na hilo halikuletwa na mawingu.

Kwa maneno mengine mpango unahuishwa kila mwezi, kiwanja kwa kiwanja, kwa ajili ya anayejua mlango wa kugonga. Ambao hatujui mlango tunatawaliwa na ramani ya zamani.

Nitende haki hapa. Yule kijana wa mipango miji niliyemkuta hana kosa kubwa. Ana kata kibao, gari la idara limewekwa juu ya mawe, kompyuta inazunguka bila kufunguka. Alinikalisha, akanieleza, akakiri kwa sauti ya chini kwamba barabara ile haitajengwa kamwe. "Lakini siwezi kuifuta mimi, mpaka mpango upitiwe." Upitiwe lini? Hakuna fungu. Bajeti ya kupitia mpango inakatwa kila mwaka kwa sababu mapitio hayakati utepe. Hapo nawalaumu madiwani, wanaopiga makofi bajeti ikisomwa na kulia kwenye misiba ya mafuriko.

Kama wanataka kunizuia kujenga, basi wachukue eneo na walipe fidia. England mwenye nyumba aliyeshindwa kuiuza kwa sababu mpango umeitenga kwa barabara anaweza kuitaka mamlaka iinunue. Huku unabaki kulinda ardhi ya umma kwa gharama zako: unafyeka majani, unalipa kodi, unafukuza wavamizi, na siku ukitaka kuweka tofali unaambiwa si yako kwa kazi hiyo.

NYONGEZA: Nimeona maswali huko chini, najibu kwa pamoja.

Aliyeuliza kama nilifanya uchunguzi kabla ya kununua: nilifanya. Hati safi, hakuna zuio, bikoni (alama za mipaka) zote nne zilikuwepo. Mchoro wa barabara haukuwa kwenye faili la kiwanja, ulikuwa kwenye kabati la idara nyingine. Msajili na mpangaji wako jengo moja, ghorofa tofauti, na makabati yao hayajawahi kusalimiana.

Aliyesema "jenga tu usiku, watakuzoea": mkuu, ndicho walichofanya majirani na kwa kweli nimewaelewa. Lakini nikijenga bila kibali nimewapa haki ya kubomoa, na mimi si wa bahati kihivyo.

Aliyesema mipango ikibadilishwa kila mara hakuna mwekezaji atakayeamini: unachanganya vitu viwili. Kupitia mpango kwa ratiba inayojulikana, hadharani, kwa hesabu mpya, kunampa kila mtu uhakika. Kinachoua uhakika ni hii ya kubadilisha kimyakimya kwenye kamati. Huyo mwekezaji wako leo ananunua kiwanja kando ya bustani, kesho bustani ni kituo cha mafuta.

Na aliyeniambia niombe nami kubadilishiwa matumizi kama wa ghala: nimeuliza. Nimeambiwa ombi langu haliwezi kupokelewa kwa sababu kiwanja kimepitiwa na hifadhi ya barabara.

Nimeandika barua nyingine, safari hii kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani wa kata. Nimeambatisha picha ya ukuta wa ghala niliyoipiga nikiwa nimesimama katikati ya hiyo barabara. Swali ni moja tu: naomba kuonyeshwa barabara hii inaelekea wapi. Kama kuna mdau hapa aliyewahi kufanikiwa kuifuta barabara iliyokufa kwenye mchoro wa halmashauri bila kusubiri mpango mpya, aniambie alianzia dawati gani.