MREJESHO: ile ishu yangu ya mkazo kwenye vitenzi vya Kihispania

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini hablo na habló ni herufi zilezile ila maana mbili, mkanijibu nisikilize mkazo, basi kweli bana, HA-blo ni naongea, ha-BLÓ ni aliongea, na mimi kwa mazoea ya Kiswahili nilikuwa nagonga silabi ya pili toka mwisho kila neno, yaani kila aliyeongea jana nilimfanya ni mimi naongea sasa hivi 😂

Kilichonifungua macho ni dámelo (nipe hiyo). Kwetu ukisema LE-ta halafu le-TE-ni mkazo unahama, wao wakibandika viambishi nyuma mkazo haubanduki: da, DA-me, DÁ-me-lo, ndo maana alama ya mkazo (´) inatokea ghafla pale juu ya a. Alama yenyewe siyo pambo kumbe!

Silabi bado zinanitesa kidogo. Con-ti-NÚ-o (naendelea) zipo nne, con-ti-NUÓ (aliendelea) tatu, kwa sababu u na o zimemezwa pamoja. Hiyo nimeifanyia mazoezi kwa kupiga makofi sebuleni, wife akadhani nimejiunga kwaya.

Aliyesema nianze na hablábamos (tulikuwa tunaongea), mkuu, hiyo ngoja kwanza.