Naomba ushauri: usalama wa binadamu una tofauti gani na maendeleo ya binadamu?

Mtafiti Mchanga: Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi dhana ya usalama wa binadamu ilivyobadili fikra za maendeleo ya kimataifa. Nimeanzia ripoti ya 1994 ya UNDP (Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa) na nyanja zake saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, jamii na siasa. Msimamizi kanirudishia sura ya pili, kaandika pembeni: "Haya yote ni maendeleo. Usalama uko wapi?" Nimekwama.

Mkongwe: Swali la haki hilo. Maendeleo huuliza watu wamepanda kiasi gani; usalama huuliza nini kitawashusha ghafla, na nani atatangulia kuanguka. Soma msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997. Uchumi uliosifiwa kwa miaka ukayumba, watu wakaachishwa kazi bila mafao ya kuwashika. Takwimu za pato zilikuwa zimeonyesha kaya imetoka kwenye umaskini. Hazikuonyesha kwamba mshahara mmoja ukikatika, mtoto anaacha shule na dawa za bibi hazinunuliwi. Ndiyo maana Tume ya Usalama wa Binadamu, iliyoongozwa na Sadako Ogata na Amartya Sen, katika ripoti yake ya 2003, iliweka ulinzi sambamba na kuwawezesha watu wenyewe.

Binti Hoja: Mkuu, usimpambie. Msomi Roland Paris alihoji mwaka 2001: dhana inayobeba kila kitu itamsaidiaje mpanga sera kuchagua? Na msomi mwingine, Mark Duffield, kaonyesha jinsi misaada ilivyogeuzwa chombo cha kudhibiti nchi maskini ili vurugu zisiwafikie matajiri. Anayelindwa hapo ni nani?

Mkongwe: Nakubali hilo la Duffield, la Paris kwa nusu. Hata hivyo Azimio 66/290 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa (2012) linasema wazi kwamba dhana hii haihusishi matumizi ya nguvu. Kama wafadhili wanalifuata au la, ni habari nyingine.

Mtafiti Mchanga: Kwa hiyo nizitupe nyanja saba?

Binti Hoja: Zibaki aya moja. Kisha linganisha Kanada na Japani: Kanada ilishikilia uhuru dhidi ya hofu (watu waishi bila kuogopa vurugu), ikasukuma mkataba wa 1997 wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, Japani ikaelemea uhuru dhidi ya ufukara (watu wasikose mahitaji yao), ikachangia mfuko wa Umoja wa Mataifa wa usalama wa binadamu ulioanzishwa 1999. Angalia pesa zilikwenda wapi.

Mtafiti Mchanga: Shukrani sana. Naanza na huo mfuko.