Kiingilio mnakusanya, mwendo hamsimamii. Mnasubiri maiti ndiyo muamke?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia nikiruka huku na kule.

Jumamosi tulikuwa kwenye eneo la kuendeshea mashine za mchangani: pikipiki za matairi manne, bagi (vile vigari vya wazi vya mchangani), pikipiki za kawaida za matope. Jina la eneo silitaji. Waliokuwepo watajua. Mahema yamepangwa upande mmoja, milima ya mchanga upande wa pili, na katikati inapita njia ya kutokea kambini. Kwenye njia hiyo kuna bango kubwa: mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Chini yake wameandika helmeti ni lazima, bendera ni lazima, kupakia abiria kwenye mashine ya mtu mmoja ni marufuku. Bango limepigwa rangi juzijuzi tu, linang'aa.

Jua likielekea kuzama, mwanangu wa miaka sita alikuwa amekaa mlangoni mwa hema akijikung'uta mchanga miguuni. Kandambili yake moja ilikuwa imebaki mbele, hatua tatu hivi. Akainuka kuifuata. Mama yake akamdaka fulana kwa nyuma. Mimi sikusikia kitu, maana ukishinda mahali pale kutwa nzima mlio wa injini unakuwa kama upepo, masikio yanaacha kuuhesabu. Pikipiki ya matairi manne ikapita juu ya ile kandambili. Sisemi kando yake, nasema juu yake. Ilikuwa nyekundu, imebeba watu wawili kwenye kiti cha mmoja, wote vichwa wazi. Yule wa nyuma akatupungia mkono!

Nikaenda getini huku natetemeka. Getini kuna watu watatu: mmoja anapokea hela, mmoja anakata tiketi, mmoja anafungua kizuizi. Kule ndani, eneo lote lile, hakuna hata mmoja. Nikaeleza. Jibu nililopewa: "Pole kaka, ila wale ni wateja wetu wa kila wiki." Nikauliza mwendo nani anausimamia. "Si uliisoma fomu ukasaini?"

Fomu! Hapo ndipo nilipoelewa bango lile kazi yake ni nini. Halipo kumzuia anayekimbiza. Lipo ili siku mtu akivunjika shingo, uongozi uonyeshe kidole: tuliandika, na yeye alisaini. Herufi za fomu yenyewe ndogo kama sisimizi, unasaini dirishani huku foleni inakupigia honi.

Sasa kuna wanaosema natia chumvi, kwamba hata mtu akipita kambini kwa kilomita 60 kwa saa si kitu. Tupige hesabu. Ukiwa kwenye 20 unasogea mita tano na nusu kila sekunde. Ukiwa kwenye 60 unasogea karibu mita 17. Mtu akiona hatari anachukua sekunde moja na nusu hivi mpaka mguu au mkono ufike kwenye breki. Kwa 20 umeshakwenda mita nane. Kwa 60 umeshakwenda mita 25, na breki hujaigusa bado. Mwendo ukizidishwa mara tatu, nguvu ya kugonga inazidi mara tisa. Mashine ya mtu mzima ina uzito wa kilo mia mbili na kitu, nyingine zaidi ya mia tatu. Kati ya hema letu na njia hazikufika hata mita 25.

Na hapo nazungumzia kambini, mahali tambarare. Kwenye vilele vya mchanga ndiyo balaa zaidi. Ukipanda mlima wa mchanga huoni upande wa pili, na wa upande wa pili hakuoni. Ndiyo maana ya ile bendera kwenye fimbo ndefu: ncha yake ichomoze kileleni kabla ya kichwa chako. Siku ile nilikaa nikihesabu zilizopita mbele yetu, kumi na nne, zenye bendera tano. Moja kati ya hizo tano bendera imekunjwa na kufungwa kwenye usukani. Sijui ilikuwa inamwonya nani.

Kuhusu abiria, hili watu wengi hawalijui kwa hiyo niliseme. Kile kiti kinachoonekana kirefu hakikuwekwa ili upakize mtu. Kirefu kwa sababu dereva anatakiwa kusogeza uzito wake, mbele akipanda, nyuma akishuka, pembeni akikata kona. Ukimweka mtu nyuma umejifunga mwenyewe, na mlima ukiwa mkali mashine inainuka mbele na kuwalalia wote wawili. Chombo kile hakina mkanda wala fremu ya kukukinga. Watu wanakufa chini yake kwa kukosa pumzi tu, kifua kimebanwa. Hata zile za matairi matatu zilikuwa zinapinduka hovyo mpaka mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani waache kuziuza kule.

Watoto wanaopewa mashine za watu wazima sitawagusa leo, nitapasuka.

Najua atakuja mtu humu aseme tunakwenda mchangani ili tuwe huru, anayetaka sheria abaki barabarani. Mkuu, mimi mwenyewe naendesha, mwaka wa tisa huu. Nishavunja mfupa wa bega kwa ujinga wangu, sikumlaumu mtu. Huko ndani kwenye milima, penye nafasi na kila mtu kavaa vyake, kimbiza utakavyo. Ninachokataa ni wewe kunijia na ujinga wako mlangoni kwangu.

Wala msiniambie haiwezekani kusimamia. California kuna maeneo ya serikali ya mchezo huu huu. Ukiwa ndani ya futi 50 za kambi au kundi la watu, yaani kama mita 15, mwisho wako ni maili 15 kwa saa, sawa na kilomita 24. Pale Oceano Dunes bendera inatakiwa ifike futi nane kutoka ardhini, kama mita mbili na nusu. Tofauti yao na sisi haiko kwenye maandishi ya bango. Wao wana askari wa hifadhi wanaozunguka mchangani wenyewe, wana mamlaka ya kukusimamisha na kukuandikia faini. Mtu akijua atasimamishwa, mguu unakuwa mwepesi bila mahubiri.

Kwetu wala sidai askari. Yule wa tatu getini, wa kufungua kizuizi, apewe mashine na fulana ya kung'aa azunguke kambini, kizuizi hata mkata tiketi anaweza kukifungua. Kila mashine ibandikwe namba kubwa pale pale getini, maana mimi leo sina cha kumtambulisha yule mtu zaidi ya rangi nyekundu. Wamwage matuta ya mchanga kila baada ya mahema machache, koleo wanazo. Na asiye na bendera arudishwe kabla hajalipa, siyo baada. Hilo la mwisho halihitaji hata bajeti, ila linapunguza mapato, na nadhani ndiyo sababu halifanyiki.

Malalamiko nimeyapeleka kwa maandishi Jumatatu, nakala ninayo, muhuri wa kupokelewa upo. Mpaka sasa kimya. Mnaokwenda maeneo mengine hebu niambieni: kwenu kuna mtu aliyewahi kusimamishwa kwa mwendo? Siyo kuonywa na bango, kusimamishwa na binadamu.

Na wewe mwenye ile nyekundu, kama unapita humu: kandambili tunayo, alama za tairi lako zinasomeka vizuri. Mwanangu hataki kuivaa.