Naomba ushauri: Kuwafundisha wanafunzi viziwi usafi kwa kutumia kishikwambi

Mwl_Chamwino: Habari za jioni wakuu. Nafundisha darasa la viziwi, shule ya msingi huku Chamwino. Tumefika mada ya usafi wa mwili, na kinachoninyima usingizi ni vikope (trakoma), ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha. Mtoto kiziwi anapokea lugha kwa macho. Uoni ukiharibika, alama nazo zinampotea. Ninacho kishikwambi, vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Tatizo, video ninazopata mtandaoni ni sauti na maandishi, na kusoma bado kunawasumbua sana. Nifanyeje?

Mama Alama: Pole na kazi mwalimu. Rekodi zako mwenyewe. Tafuta kiziwi mtu mzima, CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) wanaweza kukuunganisha, aeleze kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Kila kipande kiwe na tendo moja tu. Mwanga umpige usoni, asipewe dirisha mgongoni. Avae nguo ya rangi moja inayoachana na rangi ya mikono yake, na picha ianzie kiunoni hadi juu ya kichwa. Uso usifichwe kabisa, nao unazungumza.

Mhudumu wa Kata: Kwenye vikope, waonyeshe njia ya maambukizi: mikono, kitambaa cha kuchangia, na nzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Mrekodi nzi kwa karibu akitua usoni, hiyo haihitaji maelezo. Maji yetu haba tunayajua, ila uso hauhitaji ndoo. Kibuyu chirizi, kile kidumu cha kuning'iniza kinachotoa maji kidogo kidogo, kinatosha. Ukiona mwenye kope zinazokwaruza jicho, huyo si wa somo tena, mpeleke kituo cha afya.

Mwl_Chamwino: Nashukuru sana. Nikieleza huku video inaendelea, hakuna anayeniangalia.

Mama Alama: Hawawezi, macho ni hayohayo. Cheza kidogo, simamisha, eleza kwa alama, waulize, kisha rudia. Halafu wape kishikwambi warekodiane wakinawa. Hapo ndipo utajua nani ameelewa na nani alikuwa anaitikia tu kwa kichwa.

Binti Mpwapwa: Mwalimu, usisahau hedhi. Wasichana viziwi wengi nyumbani hakuna anayejua alama za kuwaeleza. Aeleze mwanamke, na wavulana wasiwepo siku ya kwanza ili wawe huru kuuliza.

Mwl_Chamwino: Hilo la hedhi sikulifikiria, ahsante dada. Jumatatu tunafunga vibuyu chirizi nje ya darasa, na kurekodi kunaanzia hapohapo. Mwenye kumfahamu dada kiziwi hapa Dodoma aliye tayari kurekodiwa, tafadhali aniandikie inboksi.