Kikundi cha ukoo: bolti za pikipiki ya babu

*Ijumaa jioni*

Lusajo: Shikamooni wakubwa. Niko salama, msije mkasikia kwa watu mkashtuka. Leo nikitelemka kutoka Isyonje kwenda Kiwira na viazi, bolti ya breki ya nyuma imekatika. Gurudumu likajifunga lenyewe, pikipiki ikalala pembeni ya barabara. Nimechubuka goti tu.

Shangazi Tukuyu: Yesu wangu! Goti gani? Umeliosha? Mvua yote hii na wewe unateremka na mizigo!

Lusajo: La kulia shangazi. Nimeliosha, linaendelea vizuri.

Baba Mdogo Uyole: Marahaba mwanangu, pole sana. Bolti ipi hasa? Ya fimbo ya breki, au ya ule mkono bapa unaoizuia sahani ya breki isizunguke na gurudumu?

Lusajo: Ya mkono bapa, ba'mdogo.
[picha]

Baba Mdogo Uyole: Ndiyo maana gurudumu lilijifunga. Mkono ukiachia, sahani inazunguka, inavuta fimbo, breki inabana bila wewe kukanyaga. Umshukuru Mungu hukuwa na mtu nyuma.
Sasa kuza picha uangalie palipokatika. Sehemu kubwa ni nyeusi na kahawia, ni kijisehemu kidogo tu kinachong'aa. Ufa ulianza siku nyingi, kutu ikaingia humo, leo kimemalizika kile kilichobaki. Na kotapini, ile pini ya miguu miwili inayozuia nati isifunguke, iko wapi? Mbona naona waya wa kufungia?

Lusajo: Kotapini ilipotea mwaka jana nilipofungua gurudumu kuziba pancha. Nikaweka waya. Nilikosea.

Dada Atu: Pole mdogo wangu. Kesho napita Mwanjelwa, niambieni ninunue nini. Kuna duka lina bolti za stenilesi zinang'aa kama kioo, muuzaji anasema hazijui kutu. Ninunue tubadilishe zote?

Baba Mdogo Uyole: Atu mwanangu, subiri. Stenilesi weka kwenye madigadi na kibao cha namba, hapo sina neno. Kwenye breki, ekseli na vishikio vya injini, hapana. Angalia kichwani mwa bolti. Stenilesi ya kawaida imeandikwa A2-70. Hiyo inaanza kuvutika bila kurudi ikifika kama megapaskali 450. Bolti ya chuma iliyoandikwa 8.8 inavumilia mpaka 640. Namba ya kwanza mara 100 ni 800, hapo ndipo inapokatika. Ya pili inasema inaanza kuvutika kwenye asilimia 80 ya hiyo. Ndiyo hesabu yenyewe.
Tena stenilesi ikikaa ndani ya alumini na maji yakiwepo, kinacholiwa ni alumini. Utabaki na bolti nzuri na injini iliyooza tundu.
Bolti isiyo na namba yoyote kichwani usiilipie hata shilingi.

Dada Atu: Sawa ba'mdogo. 8.8.

Lusajo: Fundi wa hapa kijijini ameziona zile nyingine zilivyoshika kutu, anasema tuziloweke kwenye maji ya betri, zitatoka nyeupe pe.

Baba Mdogo Uyole: USITHUBUTU. Asidi inapokula kutu inatoa hidrojeni, na hidrojeni inapenya ndani ya chuma. Bolti laini inaweza kuvumilia. Zile ngumu, 10.9 na hasa 12.9 zile za kufungulia kwa ufunguo wa pembe sita, zinakuwa kama kigae. Unaifunga leo iko safi, kesho inakatika pikipiki ikiwa imesimama. Kutu ya juujuu isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Iliyochimbika mashimo, tupa.

Mjomba Makete: Nimeingia sasa hivi, mtandao huku ni shida. Pole mpwa wangu. Hiyo si ile Honda CG125 ya marehemu mzee? Ile pikipiki ngumu jamani. Walianza kuitengeneza 1976, wakaifikiria kabisa kwa barabara kama zetu na kwa watu wasio na gereji karibu.

Lusajo: Ndiyo hiyo mjomba.

Mjomba Makete: Mzee alikuwa anaifungua kila baada ya masika, anaipanga kwenye turubai uani. Hatukuruhusiwa kukanyaga.

Shangazi Tukuyu: Mimi alinichapa kwa nati moja iliyopotelea kwenye migomba 😢

*Jumamosi, saa 5 asubuhi*

Dada Atu: Nipo dukani. Bolti ya breki nimepata, milimita 8, ina 8.8, spana 13. Ya injini uliyonitumia kipimo ni milimita 10. Wana 8.8 yake, ila kichwa chake ni spana 17, na ile ya zamani niliyobeba ni spana 14. Ni sawa?

Baba Mdogo Uyole: Kichwa hakina shida, Wajapani wanatumia vichwa vidogo. Ila hapo napata wasiwasi na uzi. Chukua nati ya zamani, izungushe kwa vidole kwenye bolti mpya. Usitumie spana.

Dada Atu: Imeingia mizunguko miwili ikagoma. Muuzaji anasema nikaze tu itakubali.

Baba Mdogo Uyole: Irudishe! Hiyo ina hatua ya 1.5, yaani milimita kati ya uzi na uzi, pikipiki yetu ina 1.25, uzi mwembamba zaidi. Ukilazimisha unaua uzi wa nati, na ingekuwa inaingia moja kwa moja kwenye alumini ungeua injini. Nenda kwa wauza spea za pikipiki au za magari ya Kijapani, sema "milimita 10 uzi 1.25". Nati iteleze kwa vidole mpaka mwisho ndipo ulipe. Ile ya milimita 8 ni 1.25 pande zote mbili, hiyo haina shida. Chukua iliyopakwa zinki, nyeupe au ya njano. Zinki inaliwa kwanza kabla ya chuma, kwa hiyo msiisugue kwa brashi.
Na kotapini kumi. Ni za bei ndogo, na ukishaichomoa moja usiirudishe tena.

Dada Atu: Nimepata kwa muuza spea wa pili. Inateleza mpaka mwisho. Na kotapini kumi na mbili.

Baba Mdogo Uyole: Ndaga fijo, asante sana mwanangu.

*Jumamosi, saa 9 alasiri*

Lusajo: Ba'mdogo, ile bolti ndefu ya mkono mkubwa unaobeba gurudumu la nyuma imegoma. Nimeigonga haisogei.

Baba Mdogo Uyole: Acha kuigonga, utaipanua kichwa. Tia mafuta ya kupenyeza pande zote mbili, iache mpaka kesho, uwe unaongeza. Kesho rudisha nati hadi usawa wa ncha ndipo ugonge kwa gongo la mti.
Hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, maana inaozea ndani ambako hakuna jicho linalofika. Ikitoka ipime unene kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, katikati na mwishoni. Ikiwa katikati imekonda, haifai.

Lusajo: Lakini kwa nini imekula kutu hivi? Mbona pikipiki za wenzangu ni afadhali?

Baba Mdogo Uyole: Umebeba nini msimu huu?

Lusajo: Viazi. Na mbolea, CAN na DAP.

Baba Mdogo Uyole: Basi jibu unalo. Mbolea ni chumvi. CAN inavuta unyevu hewani, ikimwagika kwenye fremu inabaki imelowa hata siku ya jua. Funga mfuko ndani ya nailoni, na ukifika nyumbani mwagia pikipiki maji safi siku hiyohiyo.

*Jumapili, baada ya kanisa*

Lusajo: Imetoka! Katikati imekonda karibu milimita nzima. [picha]

Mjomba Makete: Mungu wangu. Na juu ilikuwa inaonekana nzima.

Baba Mdogo Uyole: Hiyo nitakutafutia mimi Uyole, usiipande mpaka ifike. Nyingine funga. Paka grisi kwenye mwili na uzi wa bolti, kidogo tu, na mikono yako isiguse bitana za breki ikiwa na grisi. Grisi inafanya bolti ivutike zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo usikaze kama mwenda wazimu.

Lusajo: Sina spana ya kupimia nguvu.

Baba Mdogo Uyole: Una mizani ya kuning'iniza ya viazi? Chukua spana, pima sentimita 25 kutoka katikati ya nati, funga kamba hapo, vuta kwa mizani, kamba ikiwa pembe mraba na spana. Bolti kavu ya milimita 8 ya 8.8 ni kilo 10. Yako ina grisi, ishia kilo 8. Kama tundu la kotapini halijalingana, ongeza kidogo lilingane, usilegeze kurudi nyuma.

Dada Atu: Mimi nimemtumia na rangi ya kucha nyekundu. Achore mstari toka kwenye nati hadi kwenye chuma, ikilegea ataona mstari umevunjika.

Baba Mdogo Uyole: Vizuri sana Atu. Na vichwa vyote apake grisi au rangi juu baada ya kukaza.

Lusajo: Tayari ya breki. Kilo 8 na nusu, tundu limelingana. [picha]

Baba Mdogo Uyole: Piga na upande wa pili. Nataka kuona miguu ya kotapini imekunjwa.