Katamarani ya tanga iliyotelekezwa ghalani: niiuze ilivyo, niitengeneze kwanza, au niiuze vipande vipande?

Chelezo
Wakuu, habari zenu. Kuna katamarani ya tanga, chombo cha bodi mbili pacha, imekaa ghalani kwangu muda mrefu, haijaguswa. Ghala natakiwa kulikabidhi likiwa tupu mwisho wa mwezi ujao. Njia ninazoziona ni tatu: niiuze na vumbi lake, niitengeneze kwanza ndipo niitangaze, au niifungue niuze mlingoti peke yake, matanga peke yake, trela peke yake. Ipi ina faida bila kunimalizia siku zangu?

OmoNaShetri
Mkuu, bado hujatuambia kitu. Aina gani? Faiba au plastiki? Matanga yapo? Trela lina karatasi? Nenda shetri, yaani nyuma ya chombo, bodi ya kulia, utaona namba imechongwa: herufi na tarakimu 12, au 14 kama inaanza na alama ya nchi. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Tuletee hiyo kwanza.

FundiFaiba
Kabla hujawaza bei, bonyeza sitaha kwa dole gumba, hasa mbele ya boriti ya mbele inayounganisha bodi. Bodi za aina hii nyingi ni faiba nje, faiba ndani, povu gumu katikati. Chombo kikikaa miaka juani au na maji ndani, faiba huachana na povu. Gonga kwa sarafu: penye uzima panalia ti ti ti, palipoachana panajibu bu. Zungushia chaki. Mimi ningeitengeneza. Unatoboa vitundu vidogo, unaingiza epoksi kwa sindano, unakandamiza kwa uzito mpaka ishike. Lakini kama ni plastiki usihangaike na epoksi, haishiki.

Chelezo
Samahani wakuu. Ni Hobie 16, faiba. Namba inaishia na 87. Matanga mawili yamo kwenye mfuko, la mbele limetafunwa na panya pembeni. Trela lipo, tairi zimepasukapasuka. Bodi ya kushoto inabonyea mahali penye ukubwa wa kiganja.

KusiKavu
Hobie 16! Basi usipoteze muda, ifungue. Zimeshatengenezwa zaidi ya 100,000, na wenye nazo wanatafuta spea kila siku. Usukani na vishikio vyake vitaondoka wiki ya kwanza, kisha mlingoti, kisha boriti. Bodi yenye ulaini haitakuletea kitu.

FundiFaiba
@KusiKavu na bodi zenyewe atazipeleka wapi? Ukishauza vinono umebaki na mita tano za faiba mara mbili ambazo hakuna anayezitaka, na ghala lina tarehe yake. Kiganja kimoja cha ulaini ni kazi ya siku mbili. Mnatupa vyombo vizima kwa uvivu.

MamaDemani
Niwaeleze yaliyonipata mimi, maana naona wote mnaangalia bodi tu.

Niliuza katamarani iliyokaa chini ya turubai misimu minne. Niliiosha, nikaisugua, picha zikapendeza. Nyaya zinazoushikilia mlingoti nilizipitisha kitambaa zikang'aa. Chuma cha pua, nikajua hakina neno. Kule chini, waya unapoingia kwenye kifungio chake, palikuwa na ala ya plastiki. Sikuivua. Nikaandika kwenye tangazo: "tayari kwa maji."

Mnunuzi alikuwa kijana, akatoka na mdogo wake wa kike. Upepo wa kawaida tu. Waya wa upande wa joshi, unakotoka upepo, ukakatika mle ndani ya ala, mlingoti ukalala demani, upande unakoelekea upepo, na tanga lake. Wote wawili walikuwa wamekaa joshi, ndiyo salama yao. Angekuwepo mtu upande wa pili sijui ningeandika nini leo. Walipoivua ile ala, waya wa nyuzi 19 ulikuwa umebakiza nyuzi tatu zenye uzima, nyingine zote kutu. Maji ya chumvi yakituama mahali pasipopata hewa, hata chuma cha pua huliwa.

Yule kijana hakunigombeza. Alinipigia simu akanieleza taratibu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimlipa gharama ya mlingoti na tanga. Kwa hiyo Chelezo, uza ilivyo ukitaka, lakini vua kila ala, piga picha za karibu, na uandike wazi kwamba nyaya zote zibadilishwe kabla mtu hajapanda.

OmoNaShetri
Pole sana mama. Ala za plastiki mimi huzikata siku hiyohiyo ninapopata chombo.

MzeeWaJoshi
Kijana, mbona hujasema chombo ni cha nani? Umeandika "kuna katamarani ghalani kwangu." Hukuandika "katamarani yangu."

Chelezo
Mzee, shikamoo. Kweli si yangu. Ni ya mpangaji aliyekodi nafasi kwa marehemu baba. Aliacha kulipa zamani, simu yake haipatikani. Nilidhani deni limeshazidi thamani ya chombo.

MzeeWaJoshi
Marahaba. Hapo ndipo pa kuanzia. Deni halikufanyi mwenye mali. Sheria hutofautiana nchi na nchi, ila kwa kawaida unatakiwa kumpa taarifa ya maandishi, kusubiri muda uliowekwa, na pengine kuuza kwa mnada wa wazi. Mtafute kwa namba ile ya shetri kwenye usajili, na kwa namba ya trela pia, maana trela mara nyingi lina karatasi zake mbali. Usitoboe, usifungue hata bolti moja.

KusiKavu
Nimekubali, naondoa ushauri wangu kwa sasa. Ila mkuu, kwa ncha ya mlingoti: ni alumini mpaka juu au ni faiba?

Chelezo
Juu ni nyeusi, si alumini.

KusiKavu
Ndiyo zile zenye ncha ya faiba. Mimi nazipenda za zamani, alumini tupu, nyepesi juu.

FundiFaiba
Mkuu, ncha ile iliwekwa kwa sababu ya watu waliokufa kwa kugusa nyaya za umeme. Mlingoti ni karibu mita 8, na ajali hizo hutokea wakati wa kusimamisha au kusukuma trela. Usimshauri mtu kinyume.

KusiKavu
Sijamshauri abadilishe. Nasema katika mashindano tofauti inaonekana.

FundiFaiba
Na mimi nasema kwenye nguzo za umeme inaonekana zaidi. Chelezo, mwenyewe akikubali, tupime kama bodi zinavuja. Sabuni kwenye viungo, kisha hewa kidogo kutoka mashine ya kufyonza vumbi kupitia tundu la kizibo. Kompresa hapana, itapasua viungo.

Chelezo
Asanteni. Nimeshatuma barua ya rejista kwa anwani ya mwisho niliyoikuta kwenye daftari la baba. Nimeomba pia niongezewe muda wa ghala, sijajibiwa.

OmoNaShetri
Wakati unasubiri, nyanyua trela uweke juu ya matofali.

PweleWazi
Habari, mimi mgeni hapa. Mwenye chombo akipatikana akaamua kuuza vipande, nahitaji kishikio cha usukani wa kulia. Naomba picha ya tundu la pini, langu limepanuka.