Anatukanwa kwenye seti ya tamthilia na hana mkataba wa maandishi: aanzie wapi?

Mshona_Vazi: Wakuu, kuna tamthilia inarekodiwa Dar. Mwongozaji anamtukana msaidizi wa mavazi mbele ya waigizaji. Usiku anamtoa kwenye grupu la WhatsApp asione saa ya kuripoti, kesho yake anamkata posho kwa kuchelewa. Analipwa kwa siku kupitia M-Pesa, na anaambiwa "dei waka hana haki". Ni kweli?

Karani_wa_Sini: Si kweli, na inauma kuona wengi wakinyamazishwa kwa neno hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, kikitimia hata kigezo kimoja: kupangiwa saa, kupewa vitendea kazi, au kumfanyia anayemlipa kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi 3 iliyopita. Siku 4 za kurekodi kila mwezi, saa 12 kwa siku, ni saa 48 tayari. Atunze miamala ya M-Pesa na ratiba za kila siku.

Taa_na_Kivuli: Daftari pia. Siku hiyohiyo aandike tarehe, saa, namba ya sini, waliokuwepo, na maneno yenyewe yalivyotamkwa. "Alinitukana" haisaidii. Skrinishoti peke yake hubishiwa kwa kuwa huhaririwa kirahisi. Ahamishe mazungumzo yote ya WhatsApp, ajitumie kwa barua pepe. Grupu alilotolewa asilifute, simu asiiuze. Kisha barua ya malalamiko kwa kampuni, nakala 2, moja igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mama Ratiba: Muda ndio unaowaponza watu. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, mengine siku 60. Akichelewa, aambatanishe fomu CMA F.2 kuomba kuongezewa muda, akieleza sababu. Fomu ya mgogoro ni CMA F.1, mwajiri apewe nakala kwanza, na uthibitisho wa kuipokea uende nayo. Kosa la kawaida ni kumshtaki mwongozaji, wakati mwajiri ni kampuni ya uzalishaji. Jina kamili la kampuni alitafute BRELA, wakala wa kusajili kampuni.

Mshona_Vazi: Na akiamua kuondoka?

Mama Ratiba: Asipotee kimya, watasema ametoroka kazi. Aandike kwamba anaacha kwa kuwa mwajiri amefanya kazi isivumilike. Sheria inalitambua hilo kama kuachishwa, na siku 30 zinaanza kuhesabiwa. Akishikwashikwa mwili au kuombwa ngono, asingoje CMA: Dawati la Jinsia polisi, siku hiyohiyo.